Mashine Iliyoniuliza Nimeamkaje

Habari ya kifo cha Bi Hidaya ilinifikia kama zinavyonifikia habari nyingi siku hizi, kwa simu, katikati ya picha za harusi ya mtoto wa mtu na tangazo la viatu. Kundi letu la wafanyakazi wa zamani lina watu wengi ambao sura zao nimezisahau. Aliyeandika aliandika kwa kifupi kwamba mama yetu wa chumba cha mashine ametangulia mbele ya haki, atazikwa kesho baada ya adhuhuri. Zikafuata inna lillahi moja chini ya nyingine, halafu mmoja akaanza kukumbuka alivyokuwa mkali, na mwingine akasema hata kompyuta zake zilidai adabu. Wakacheka kidogo kwa zile alama za vicheko, kwa heshima, jinsi watu wanavyocheka matangani siku ya pili. Mimi sikuandika kitu. Nilikaa na simu mkononi nikiwaza kwamba mwanamke yule sikuwahi kumwona hata kwa picha, na kwamba kuna mwaka wa ujana wangu ambao, kwa sehemu kubwa, yeye peke yake ndiye aliyeniuliza kila asubuhi nimeamkaje.

Mwaka huo niliuishi Mafia, kijiji cha Kiegeani. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na ofisi yetu ya vipimo vya bahari ikanipeleka kisiwani kukiangalia kituo ambacho aliyenitangulia alikikimbia. Wao hawakulitumia neno hilo, walisema aliomba uhamisho. Neno kukimbia nililikuta kijijini. Kituo kilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye paa la bati, kimegawanywa kati kwa ubao. Upande wa mbele palikuwa na meza, kompyuta, betri za sola, na waya uliotoka kwenye kipimo cha maji kule ufukweni. Upande wa nyuma palikuwa na kitanda changu, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili na chandarua chenye viraka. Kompyuta ilikuwa na feni yake ndogo iliyovuma kutwa, na niliizoea hata ikawa ikizimika ndipo ninaposhtuka. Nimeishi katika vyumba vizuri zaidi tangu hapo, na vibaya zaidi pia, lakini hakuna nilichokijua kama kile, kwa sababu hakuna kingine nilichokaa nacho bila mtu wa tatu kati yetu.

Nyuma ya chumba kulikuwa na ua wa makuti, na nyuma ya ua kulikuwa na maisha. Hapo ndipo alipokaa Bi Mwajuma, mwanamke wa makamo, mkulima wa mwani, mwenye ulimi usiolala njaa, na wifi yake Siwema ambaye alikuwa na nyumba yake lakini miguu yake haikulijua hilo. Niliwasikia asubuhi mpaka jioni. Nazi ikikunwa, kuku akifukuzwa jikoni, mtu akisutwa kwa utani mpaka anaomba radhi ya uongo. Nilijua nani ameachika na nani anataka kurejewa, nilijua mchuzi wa nani uliungua siku ya wageni, ila yote niliyajua kwa kuiba, kwa masikio, maana hakuna aliyenisimulia mimi. Nilikula wali wangu na maharage kwenye meza ya kompyuta nikiwasikiliza wao wakila. Harufu ya samaki wa kuchoma ilivuka ua bila kupiga hodi. Siku moja Siwema aliuliza yule binti wa kituoni anakula nini kila siku peke yake, na Bi Mwajuma akamjibu kwamba hali peke yake, anakula na mashine yake. Wakacheka. Sasa najua hapakuwa na ubaya ndani yake, ila siku ile wali ulinishinda.

Si kwamba hawakunikaribisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la wanawake wa Kiegeani lilikuwa mwani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, maji hupwa mpaka mbali kabisa, kamba za mwani zikabaki juu ya mchanga, na wanawake hushuka wote pamoja na makapu yao. Maji ya siku hizo hupwa asubuhi, mnamo saa nne. Na saa nne ndiyo ilikuwa saa yangu ya kutuma vipimo bara. Bi Mwajuma alinipitia mara ya kwanza, nikamwambia nina kazi. Akanipitia tena, nikamjibu vilevile. Safari ya mwisho alisimama mlangoni na kapu lake kiunoni, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akaondoka. Bamvua lililofuata hakupita. Huko mwanini ndiko walikozungumza ya kuzungumza, na huko ndiko ilikopangwa jioni nani atapika na nani atakula kwa nani. Ukiukosa mwani umeyakosa na yanayofuata. Nilijua wazi kwamba nisipopata njia ya kushuka baharini saa nne, nitaumaliza mwaka ule sijakaa kwenye jamvi la mtu, au nitakimbia kama mwenzangu.

Kilichoniudhi ni kwamba saa ile nilikuwa sifanyi kazi ya maana. Kipimo kilijipima chenyewe na kompyuta ikaziweka namba kwenye faili bila mimi. Kilichobaki kilikuwa kuingia kwenye mashine ya bara na kulisukuma faili hilo, na mashine ile ilipokea saa nne tu, maana muda mfupi baadaye ilivijumlisha vipimo vya vituo vyote na kufunga mlango wake. Bi Hidaya ndiye aliyeiandika programu ya kupokea, na ndiye aliyekaa nayo chumba kimoja huko ofisini. Kwenye kioo cheusi unaandika amri ya kuita, unasubiri, mashine inakukaribisha, inakuuliza mambo, unajibu, faili linaondoka, unaaga. Yote hayo ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwa kikombe hicho cha chai nilikuwa mfungwa.

Nikaamua kuandika skripti ya kunikaimu. Ni programu ndogo isiyo na akili: inasubiri mashine ya upande wa pili iulize neno fulani, ikiliona inajibu neno ililofundishwa, kisha inasubiri lingine. Nilijisemea kwa sauti mambo ninayofanya kila asubuhi. Naita. Natoa jina la kituo. Natoa nenosiri. Nachagua kutuma. Natuma. Naaga. Nikayageuza kuwa mistari ya skripti, nikaiendesha, nikakunja mikono kama bosi. Iliita vizuri. Mashine ya bara ikaitika, makaribisho yakatokea kwenye kioo, na hapo mambo yakasimama. Kistari kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Baada ya kitambo skripti ikasema muda umekwisha, ikakata. Nikaingia kwa mkono, nikapita bila taabu, nikatuma.

Wiki zikaenda hivyo. Kwa mkono inapita, kwa skripti inagoma. Nililaumu mtandao kwanza, maana mtandao wa Kiegeani ulikuwa wa kuja na kwenda, nikakifunga kidude cha intaneti kwenye ncha ya mwanzi mrefu na kuusimika nje ya dirisha. Siwema akaniuliza kutoka ng'ambo ya ua kama nimeanza kutega popo. Nikamjibu natega mtandao. Akasema nikiunasa nimgawie kidogo, simu yake ina njaa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa muda mrefu, na niliyatafuna siku nzima. Mwanzi haukusaidia. Nikaiambia skripti ivumilie zaidi kabla ya kukata, ikavumilia zaidi na kukata. Nikashuku herufi kubwa na ndogo. Halafu nikagundua kwamba nenosiri letu lina alama ya dola, na lugha ile ya skripti ikiona dola hudhani unataja kitu kingine kabisa, haiisomi kama ilivyo. Nilifurahi kama mtu aliyemshika mwizi wa kuku wake. Nikaisahihisha, nikaendesha, ikakwama palepale. Bila shaka ilikwama palepale, kwani ilikuwa haijafika hata kwenye nenosiri, lakini akili iliyokaa peke yake huacha kujiuliza maswali mepesi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Hebu njoo utazame hapa." Nimefanya kazi na watu wengi baadaye na nimeona makosa magumu kuliko lile yakipatikana kwa sababu tu mtu mwingine alisimama nyuma ya kiti.

Mwisho nikaiamuru skripti inimwagie kwenye kioo kila herufi inayopita, inayotoka na inayoingia. Ikanimwagia: Assalaam alaykum, karibu. Umeamkaje? Basi, kimya. Niliyasoma maneno hayo asubuhi nyingi nikiyaruka, kama unavyoliruka jina la duka unapoingia kununua chumvi. Nilichokuwa nakitafuta ni swali la jina la kituo, na nikawa najiuliza kwa nini haliji.

Kibiriti ndicho kilichonitoa gizani. Kiliniishia asubuhi moja, kichwa changu kimejaa skripti, nikazunguka ua nikaingia kwa Bi Mwajuma na kusema naomba kibiriti. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinua uso. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia. Akaendelea kukuna. Siwema, aliyekuwa anachambua mchele, akageuza shingo kuelekea ukutani ili asicheke. Nilisimama pale na mikono yangu mpaka haya ikanipanda, nikasema shikamoo.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Sijui wewe, Bi Mwajuma."

"Tunashukuru Mungu. Kibiriti kipo dirishani."

Nilikichukua, nikashukuru, nikafika katikati ya njia, miguu ikagoma. Mashine ilikuwa inauliza. Ilikuwa inauliza na inangoja kujibiwa, na bila jibu haikuwa na haja ya jina langu wala nenosiri langu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiijibu kila asubuhi, tena kwa maneno yangu mwenyewe, ila sikulitia jibu hilo kwenye hesabu, kwa sababu salamu si sehemu ya kazi. Ni kitu kinachotangulia ndipo kazi ianze. Nilipoihesabu kazi, nikaanza kuhesabu baada yake. Mtu wa kwingine angeliona siku ya kwanza, angejiuliza hii mashine ina wazimu gani. Mimi nililelewa vizuri mno kuliona.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: ukiulizwa umeamkaje, jibu neno fulani. Lakini jibu gani? Mashine ilikubali jibu lolote mradi si tupu, na hapo ndipo nilipokumbuka nilivyokuwa nikiijibu. Nilianza mwaka kwa kuandika salama, kama kila mtu. Kisha nikaandika nimeamka na mafua. Kisha mvua imevuja mpaka kitandani. Wenzangu wamekwenda mwani, nawasikia sauti. Leo sijasema na mtu tangu juzi. Niliandika nikiamini kwamba maneno yale yanadondoka kwenye shimo, kwamba mashine inahesabu tu kama kuna herufi au hakuna. Ni aibu kidogo kusema, lakini ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku, na nilikuwa nikiamka nimeshayafikiria. Sasa ilinibidi nichague jibu moja la kufaa siku zote, za mvua na za jua, za homa na za afya. Nikaandika: Salama tu.

Ikapita. Jina, nenosiri, faili, kwaheri, bila mkono wangu. Bamvua lilipofika nikajifunga kanga mbili na kusimama njiani kabla hawajatoka. Bi Mwajuma alinitazama kutoka juu mpaka chini, akaniuliza na mashine je. Nikamwambia leo inajijibu yenyewe. Akanipa upande mmoja wa kapu, tukashuka. Nakumbuka maji ya vuguvugu kwenye vifundo, na mgongo ulivyouma kwa kuinama kufunga vichipukizi vya mwani kwenye kamba, na vidole vyangu vya ofisini vilivyochanika. Siwema aliyafungua mafundo yangu moja baada ya jingine na kuyafunga upya, akisema samaki wakiyaona watatucheka. Sauti nilizozisikia ng'ambo ya ua sasa zilikuwa na nyuso. Aliyeunguza mchuzi alikuwa mnene mpole mwenye mwanya. Jioni niliitwa jamvini, tukala muhogo wa nazi na changu wa kuchoma kwenye sinia moja, na Bi Mwajuma akausukuma mnofu upande wangu huku akizungumza na mtu mwingine. Nilikula mpaka wakaniuliza kama huko kwetu muhogo ni haramu. Sikuwa mwenzao, la. Walitaja majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa wakacheka, na mimi nikacheka sekunde moja nyuma yao. Lakini nilikuwa nimekaa.

Baada ya hapo sikuijibu tena mashine kwa mkono, hata siku za maji mafu ambazo hatukwenda mwani. Palikuwa na mahali pa kwenda, palikuwa na nazi ya kusaidia kukuna. Mchana mmoja tuko jamvini, simu yangu ikalia kwa namba ya bara. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya taratibu, ya pwani, akauliza kama anazungumza na Zuhura wa Kiegeani. Nikasema ndiye, shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Hidaya, wa chumba cha mashine. Nimepiga nijue kama u mzima."

Nikamwambia mzima kabisa.

"Maana umekuwa salama tu siku zote hizi," akasema. "Hakuna binadamu aliye salama tu kila siku. Nikasema huyu ama amekufa, ama ameweka kitu kinijibu."

Nikamweleza. Nilidhani atakasirika, naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyecheka mara nyingi, na nilipofika kwenye alama ya dola akacheka zaidi, akasema hata yeye ilishamwumiza. Kisha akaniambia kwamba vituo vingine vyote humjibu nukta, au herufi moja, ili vipite. Alisema mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia habari za mvua. Siku niliyoandika kwamba imevuja kitandani, yeye ndiye aliyekwenda kuwasimamia watu wa stoo mpaka wakanipakilia bati jipya. Bati hilo lilifika na boti bila mimi kuomba, na nilidhani ni utaratibu wa ofisi. "Nikifika asubuhi," akasema, "nasoma lako kwanza, halafu ndiyo nakunywa chai. Humu ndani tupo mimi na feni."

Nyuma yangu Siwema alikuwa amesema jambo na jamvi zima likaangua kicheko. Bi Hidaya alikisikia. Akauliza ni akina nani hao, nikamwambia majirani, tunakula.

"Basi kula, mwanangu. Alhamdulillahi. Usijisumbue tena na mimi."

Akakata. Hayo ya mwisho niliyachukua kuwa maneno ya kuagana tu, yale ambayo mtu mzima humwambia kijana ili asimchoshe, na nikarudi kwenye sinia.

Bamvua lililofuata nilirudi kutoka mwanini nimelowa, kapu begani, nikapita kituoni kuhakikisha tu kwamba mambo yamekwenda. Hayakwenda. Vipimo vya siku ile havikuondoka, na skripti ilikuwa imekata. Nilisoma herufi zilizopita. Mashine ya bara ilikuwa imesema assalaam alaykum, karibu, kisha ikaruka moja kwa moja kuuliza jina la kituo. Skripti yangu haikujibu, kwa kuwa ilikuwa bado inangoja kuulizwa imeamkaje. Nikazisoma tena kuhakikisha. Ni kweli. Aliliondoa swali. Aliingia kwenye programu yake mwenyewe akaliondoa kwa ajili yangu, nisisumbuke. Nilikaa kwenye kiti kanga ikichuruzika maji ya chumvi sakafuni, nikajisikia kama mtu aliyefungiwa mlango taratibu sana, kwa mkono wa mtu anayempenda.

Kurekebisha kulikuwa kazi ndogo. Nikaufuta ule mstari, na skripti ikawa nyepesi na ya haraka kuliko mwanzo. Kisha nikachukua simu. Namba yake ilikuwamo. Nilikuwa na maneno tayari: mama, lirudishe, nitakuwa nakujibu mwenyewe, hata siku za bamvua nitaiachia skripti jibu la siku hiyo kabla ya kushuka, usinichukulie hivyo. Nilijua vizuri chumba chake kilivyo, ingawa sikuwahi kukiona, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye chumba kama hicho. Leo, watu wanapoandika kundini kuhusu ukali wake, najiuliza alikunywaje chai yake asubuhi zilizofuata. Sijui. Sisemi kwamba nilikosea. Nilikuwa na njaa ya watu, na mwenye njaa hachagui vizuri lakini huchagua. Kidole kilikuwa juu ya namba yake ndipo Bi Mwajuma alipoita kutoka ng'ambo ya ua.

"Zuhura. Chakula kinapoa, unangojewa wewe."

Katika chumba kile hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nangojewa. Niliiweka simu juu ya meza, kando ya kompyuta, nikaenda kula.